Ndoo Nyekundu Jikoni kwa Bibi

Juzi alikuja binti wa Zimamoto kukagua vyumba vyangu vya kupangisha hapa Kikuyu, Dodoma. Kavaa sare imenyooshwa pasi, kashika makaratasi yake, kanipa shikamoo ya heshima. Akapita chumba kwa chumba, akatazama nyaya, akatazama mlango wa kutokea, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayemwuliza mgonjwa, kama nimewahi kupata elimu yoyote ya kujikinga na moto. Nikamwambia nilikuwa mlinzi wa mambo ya moto nikiwa na miaka minane. Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ni kweli. Alipoondoka nikaona niiandike habari hii, maana darasa la nne nililoishia linatosha kuandika jambo nililoliona kwa macho yangu. Wewe soma tu, na ukikuta kosa litengeneze mwenyewe.

Wakati huo Kikuyu ilikuwa na nyumba chache na vumbi jingi. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenilea, na alikuwa mpika pombe ya mtama. Usikunje uso. Uji wetu wa asubuhi, daftari zangu na sketi yangu ya shule, vyote vilitoka katika lile pipa. Siku ya kupika ungejua tangu uko mbali. Kimea kilichoanikwa mkekani kilikuwa na harufu ya tamutamu, kama mkate ambao haujaamua kuwa mkate, moshi wa kuni ulitoka jikoni chini chini, na mwiko wa bibi uliokuwa mrefu kuliko mimi ulikwaruza pipa, kwaru, kwaru, tangu asubuhi. Mimi nilifukuza kuku kwenye kimea, nilisogeza kuni, na zaidi ya yote nilifuata maji.

Maji ndiyo yalikuwa habari ya mjini. Bomba la mtaa likikauka lilikauka wiki nzima, na likirudi lilitoa kwanza upepo, halafu kutu, halafu maji kidogo ya kukutamanisha. Tulipanga ndoo alfajiri, na ukienda haja ukarudi, ulikuta ndoo yako imesogezwa nyuma na hakuna aliyeona. Nyumbani tulioga kwa kikombe. Maji ya kunawia yalioshewa vyombo, na ya vyombo yalikwenda kwa nguruwe wa jirani, ambaye nadhani ndiye pekee mtaani aliyekunywa akashiba.

Sasa kiangazi kimoja jiko la mpika pombe wa mtaa wa pili likashika moto. Upepo wa Dodoma unaujua, hauombwi. Gari la zimamoto likaja na kengele yake, na watu wote wakatoka mbio na ndoo. Ungedhani tunakwenda kusaidia. Tulikwenda kupanga foleni nyuma ya gari, kwa sababu gari lilikuwa na maji. Jiko linaungua, mwenye jiko analia, na wanawake wanagombania nani katangulia. Bibi yangu alikuwa wa nne na mimi nilikuwa nimembebea debe. Mpaka askari wa lile gari walipotuondoa njiani ili wavute mpira wao, jiko lilikuwa limebaki majivu na pipa jeusi.

Mkubwa wao hakusahau aibu ile. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye Kiswahili laini na buti zilizomzidi miguu, na mtaa mzima tulimwita Bwana Zimamoto. Wiki ileile akapita kwa miguu nyumba hadi nyumba kwa wapika pombe wote. Amri yake ilikuwa hii: kila jiko la pombe liwe na ndoo mbili nyekundu mlangoni, moja ya mchanga na moja ya maji, na ndani ya ndoo ya maji kuwe na mstari mweupe. Atakayekutwa maji yake yako chini ya mstari, moto wake utazimwa papo hapo na hatawasha tena mpaka apate ruhusa.

Mchanga hakuna aliyelalamika, mchanga tulikuwa nao wa kugawia mikoa mingine. Lakini ndoo nzima ya maji, ikae tu, haipikiwi, hainywewi, inangoja balaa? Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno, alisema huyu bwana angetuambia tuweke ndoo ya maziwa tungemwelewa zaidi. Bibi alipaka rangi ndoo zake mbili, ya maji akaijaza mpaka mstarini, akaniita akaniambia kwa Kigogo kwamba tangu leo kazi yangu nikitoka shule ni kukaa pale. Maji yale hayaguswi na mtu. Hata yeye bibi akiyaomba, nimkatalie.

Nikakaa. Nimefanya kazi nyingi maishani, hakuna iliyonichosha kama ile. Mbuzi walikuwa wanakuja wakijifanya wanapita tu. Kuku walisimama mdomoni mwa ndoo na kuniangalia kwa jicho moja. Yule jirani akipita alikuwa ananitania kwa salamu ya Kigogo, "Askari wa ndoo, mbukwa. Hujapandishwa cheo bado?" Wanywaji wakitoka kilabuni waliniomba maji ya kunawa uso, na mmoja akasema uso wake unaungua, kwa hiyo anastahili. Nikamwonyesha ndoo ya mchanga. Jua likizidi adui alikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa naingiza kidole, nakitoa, nakilamba, halafu naangalia mstari kwa hofu kama mwizi.

Siku ya ukaguzi ikaangukia siku ya kupika. Bomba lilikuwa kavu siku ya tano, na kila tone la nyumbani lilikuwa limeingia ndani ya pipa. Mtungi wetu ulikuwa umelazwa chini, mtupu. Pipa lilikuwa ndiyo linaanza kutokota, na hapo ndipo pombe haitaki mchezo. Ukikata moto katikati inachacha vibaya, ya kumwaga. Na ile haikuwa pombe ya kawaida. Bibi alikuwa amekopa mtama wa pipa lile kwa mjomba wake kule Mlali, na likiharibika hakuna lingine mpaka mavuno. Hilo nililijua hata mimi.

Bwana Zimamoto alifika saa saba mchana, kaja kwa miguu, kakagua majiko tangu asubuhi. Midomo ilikuwa imempasuka. Akatoa shikamoo, bibi akaitikia, akampa kigoda. Akaketi, akavua buti moja akaanza kukung'uta mchanga, na bila kuinua uso akasema, "Mama, naomba maji ya kunywa."

Bibi alisimama na mwiko wake. Kwetu mgeni akiomba maji hapewi maelezo. Hata kama mmegombana, hata kama amekuja kukukamata, kwanza atakunywa. Bibi akautazama mtungi uliolala, akatazama pipa, akachukua kikombe cha bati akaja kwangu.

Nikaifunika ndoo kwa mikono miwili. Nikamwambia kwa Kigogo kwamba aliniamuru hata yeye nimkatalie. Akaniambia nitoke. Nikamwambia siwezi. Akaniambia nitoke kabla hajaanza kuhesabu, na nilijua bibi hahesabu mbali, lakini niliing'ang'ania. Mgeni wa watu kule kwenye kigoda akadhani tunazungumza habari za nyumbani, maana Kigogo hakukijua hata kidogo. Basi nikala kofi moja safi, bibi akachota. Bwana Zimamoto akanywa kikombe chote kwa pumzi moja, akashukuru, akaomba cha pili. Nikamwangalia akinywa kile cha pili mpaka mwisho. Sijawahi kumchukia mtu namna ile.

Akavaa buti, akatoa rula yake ya mbao, akaja kwenye ndoo. Akachuchumaa. Akapima, akapima tena. Majirani walikuwa wameshajaa uani.

"Mama," akasema, na alisikitika kweli, "maji yako chini ya mstari. Vidole viwili."

"Hivyo vidole viwili viko tumboni mwako," bibi akasema. "Andika hivyo."

Akakitazama kikombe cha bati, akaitazama ndoo, akatazama mtungi ulivyolala. Nikaona shingo yake inabadilika rangi. Mtu mwingine angecheka, ikaisha. Yeye alikuwa mtu wa sheria, na sheria haikusema maji yamekwenda wapi, ilisema yafike wapi. Akamwambia bibi kwamba amewazimia wanawake watatu tangu asubuhi kwa kosa hilihili, na akimwachia yeye, wale atawatazamaje. Moto uzimwe.

Bibi akauegemeza mwiko ukutani. 

"Uzime wewe. Ndoo hiyo hapo."

Akaishika. Nakuambia aliishika mpini, akainyanyua, akapiga hatua moja kuelekea kwenye kuni. Kisha akasimama. Akiyamwaga yale maji jikoni, ndoo itakuwa tupu, na jiko litakuwa halina maji ya kuzimia moto, na aliyeyamaliza ni Zimamoto. Uliona kabisa jambo hilo likimwingia kichwani taratibu. Akairudisha ndoo mahali pake bila kumwaga tone. Akatia rula mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Bibi akachukua mwiko akaendelea kukoroga. Jirani akasema tumekwisha, kaenda kuleta askari. Mimi nilikaa kwenye ndoo yangu na shavu langu la moto, namwomba Mungu pombe iive kabla hawajafika.

Jua likiwa limepungua tukasikia kengele. Gari lenyewe, jekundu, linakuja mtaani kwetu. Mtaa mzima ukatoka na ndoo, madebe, sufuria, mama mmoja na beseni lenye mtoto ndani. Hakuna aliyeuliza moto uko wapi. Bwana Zimamoto akashuka, akawapita wote, akaingia uani kwetu akamwomba bibi kile kikombe cha bati. Kilekile. Akaenda kwenye gari, akafungua koki, akakijaza, akaja akamimina ndani ya ndoo yetu. Akarudi akaleta cha pili. Akachuchumaa akapima. Mstarini. Akaandika kwenye karatasi, akampa bibi kikombe chake mkononi.

Watu wakamzingira wakiomba na wao. Akasema haya ni maji ya moto. Yule jirani akamjibu, "Na hayo uliyomwaga hapo moto uko wapi, mwanangu?" Akasema hayo alikuwa amekunywa. Wale wanawake watatu wa asubuhi aliwarudia pia siku ileile, akawapa ruhusa ya kuwasha.

Tangu hapo akipita mtaani kila mwanamke alikuwa anamkaribisha maji hata kabla ya salamu. Jirani yetu alimwekea kata nzima. Akakataa yote, midomo imempasuka vilevile.

Usidhani alitulegezea. Miezi michache baadaye alikuta bibi amepanga kuni karibu mno na ukuta wa jiko, akatufungia siku tatu. Tukala mlenda na ugali mkavu kwa siku zote tatu. Jirani akaja kumsema yule bwana, bibi akamkatiza. Akasema kuni kweli ziko karibu, kisha akaniita tukazihamisha mimi na yeye, gogo kwa gogo.

Jiko lile halipo, na wapika pombe wa mtaa wetu wamekwisha mmoja mmoja. Palepale nimejenga chumba, anakaa mwanafunzi wa chuo, kijana mzuri anayenisalimia vizuri. Ana bomba lake ndani. Asubuhi hulifungua akapiga mswaki huku anaongea na simu, na maji yanamwagika tu, yanamwagika, mpaka mazungumzo yaishe. Mimi nikiwa uani nayasikia. Kwanza huwa nasimama kidogo na kusikiliza, maana ni sauti tamu, na bibi yangu hakuisikia hata siku moja nyumbani kwake. Halafu nakwenda kumgongea mlango.