Nilinyoosha ukingo wa silanga, nikamwaga maji ya abti

Wakuu, asalaam aleikum. Hili limenikuta mwenyewe hapa Garissa, sijasimuliwa. Kucheka ruksa, mimi nimeshajicheka vya kutosha.

Mimi ni mpiga picha, naishi Galbet. Mara mbili nimepeleka picha za mandhari kwenye maonyesho Nairobi, mara mbili zimekataliwa. Safari hii nikaapa lazima iingie.

Nikaenda kwa abti, mjomba wangu, anayefuga ngamia njia ya Habaswein. Asubuhi ngamia wanateremka ukingo wa silanga, lile bwawa la kuchimba, na mbele yao hori la saruji limejaa maji pomoni. Wakuu, nikasimamisha tripod ya kamera, nikapiga!

Tripod yangu ina pimamaji, kile kipovu kama cha fundi mwashi. Kilikaa katikati kabisa.

Lakini kwenye laptop picha ikaonekana imelala kulia!

Upeo wa macho ulifichwa na vichaka, kwa hiyo jicho likashika ule ukingo wa mteremko na kuufanya ndio upeo. Hilo nimelijua baadaye. Wakati ule nililaumu tripod, nikaizungusha picha mpaka ukingo ukanyooka. Nikajiona bingwa.

Mwisho wa kutuma ni saa kumi jioni. Saa tisa nikamwonyesha abti.

Akaitazama, akasema: "Abti, bicha iko sawa. Lakini maji yangu nani anamwaga?"

(Kwetu Wasomali mjomba naye anakuita abti, na "p" yake hutoka "b".)

"Maji gani?"

"Hii ya hori. Imebanda ubande moja. Maji inabanda mlima?"

Lo! Hori lote limeinama! Mimi nilitazama ukingo, mfugaji alianza na maji.

Nikarudi kwenye picha ya kwanza. Nikakata juu kidogo, nikaacha maji yatandae chini toka kona hadi kona. Papo hapo ukingo ukawa mteremko, ngamia wanashuka kweli! Nikatuma zimebaki dakika chache.

Jana jibu limekuja: IMECHAGULIWA! Nimepiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Nilichojifunza: mstari wa mteremko unaweza kulidanganya jicho, kwa hiyo tafuta kwanza kitu kisichobishaniwa. Pimamaji haikuitwa hivyo bure.

Nyie mnanyoosha kwa kutazama nini? Leteni zenu, na nilipokosea nirekebisheni.

Abti nimempelekea nakala. Ameanza na hori, akacheka: "Haya. Sasa ngamia itakunywa."