Siku kanga ilipofunika spika: wimbo nilioubeba Tongoni bila kuuliza

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Chumvi sitaongeza, niliyoyafanya yananitosha.

Enzi za foleni za sukari nilianza kuokota habari Tanga mjini na kupeleka gazetini. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, kaseti zikajaa mitaani, watoto wa mjini wakaanza kufokafoka, yaani kurap, kwa Kiingereza wasichokijua.

Nikasema mimi nitafoka Kidigo, lugha ya mama yangu, juu ya ngoma zetu.

Mhariri alicheka mpaka akakohoa. "Mwandishi mzima unabweka!"

Nikamwambia utasikia.

Siku moja nimekwenda Tongoni kwa habari ya kisima. Nyuma ya ua wanawake wanaimba. Wimbo mtamu, acha! Nikawasha rekoda. Sikuuliza mtu.

Studio nikafoka juu yake, kaseti ikatoka safi. Nikaizindua Usagara, palepale Tanga mjini, harusini kwa shemeji yangu.

Ubeti wa kwanza tu, vigelegele vikakatika. Mama mkwe wangu akainuka, akatoa kanga begani, akaifunika spika. Wanawake wote wakatoka nje.

"Huo ni wa ndani," akaniambia. "Wa kumfundia mwali. Mwanamume hausikii, sembuse kuuuza!"

Fundi wa studio akasema, "Toa tu bro, watazoea."

Maboksi ya kaseti yalikuwa tayari. Nikiziacha, mhariri kashinda. Nikizitoa, ukweni sina uso.

Asubuhi nikapiga baiskeli mpaka Tongoni, ua uleule, kwa Bi Mwanasiti, kungwi mwenye wimbo. Habari ilishamfikia. Maboksi nimeyafunga nyuma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe mwizi?"

"Ndiye."

"Gazetini ukimwandika mtu, si unamuuliza kwanza?"

"Namuuliza."

"Wimbo wangu ukaona hauna mwenyewe?"

Nikazivuta kaseti zote mbele yake, moja moja, utepe ukajaa uani kama mwani.

Alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akanipa mchi.

Nimetwanga mpaka adhuhuri, viganja vimechubuka, wenzake wananizomea: "Baba gazeti, mchi si kalamu huo!"

Ndipo akaimba wimbo wa kutwanga, wa hadharani. "Huu chukua. Na unitaje."

Nikarudi studio. Jina lake nikaliweka mwanzo, kabla ya langu.

Nilipoupiga Usagara, harusi nyingine, mama mkwe akainuka na kanga ileile.

Akajifunga kiunoni, akaingia uwanjani kucheza.

Mhariri naye alikuja kuomba kaseti. Nikampa, lakini nilimngojesha.

Funzo langu fupi: lugha yako usiiache hata wakikucheka, na wimbo una mwenyewe, muulize.

Mwenye kubisha abishe, nipo nasoma. Na kama kwenu kuna wimbo usioimbwa mbele ya wanaume, niambieni upo. Maneno yake msiyaandike hapa.