Pumzi ya Mama Nyongeza

Sokoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Nyongeza, kwa sababu ukinunua kikombe cha maziwa ya unga kwake, lazima akutupie kijiko kimoja cha bure, hata kama mmetoka kugombana. Gunia lake lilikaa wazi juu ya kigoda, mdomo umekunjwa vizuri kama kola ya shati. Na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alichomoa mfuko mdogo wa plastiki, akaupuliza puu! ukafunguka, akachota, akaongeza, akapiga fundo. Wachuuzi wageni walihangaika na mifuko ile kwa kucha, naye akawacheka: "Nyie mtauza lini? Pulizeni!" Basi upande mzima ule wa soko ukawa unapuliza.

Bibi afya, mkaguzi wa soko, alikuwa amepita wiki iliyotangulia, akanunua kama mteja yeyote, na Mama Nyongeza akamtania wembamba wake na kumwongezea vijiko viwili. Leo alirudi bila kikapu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yameisha tayari? Mbona hunenepi?"

Bibi afya hakucheka. Aliinama karibu, maana alikuwa na adabu zake, hakutaka soko zima lisikie. "Mama, yale maziwa tumeyapima. Yana vijidudu. Vingine ni vya mate na mikono, vingine labda vilikuwa humo guniani tangu mwanzo. Mtu mzima ataharisha, atapona. Lakini mtoto mchanga vinaweza kumwingia kwenye damu, hata kwenye ubongo. Funga gunia sasa hivi. Kuna mtoto mchanga yeyote unayemjua anakunywa haya?"

Alikuwepo. Mjukuu wa Mama Nyongeza mwenyewe, aliyezaliwa kabla ya wakati, mdogo hata ukimbeba unaogopa kupumua. Maziwa ya mkwe wake, mama wa mtoto, yalikuwa hayatoshi, na kila Mama Nyongeza alipofunga meza alimpelekea mfuko uliojaa, wa bure, akijisifu njia nzima.

"Hakuna," alisema. Uongo ulitoka wenyewe, na aliogopa kuusikia.

Bibi afya alipoondoka kwenda meza nyingine, Mama Nyongeza akampigia mkwe wake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Hapo roho ikampaa. Mama wa watu, ambaye hata mvua ikimkuta njiani haongezi mwendo, aliacha meza vile vile akatimua mbio. Viatu vilipomvuka alivishika mkononi. "Mungu wangu, chukua meza, chukua gunia, chukua hata mimi mwenyewe," alinong'ona huku kifua kikimwaka. Watu walimpisha, wakidhani ameibiwa.

Mkwe alikuwa uani anafua, simu ameiacha ndani kwenye chaji. Mama Nyongeza alimpita bila salamu, akaingia chumbani, akamnyakua mtoto na kumwekea shavu kwenye paji la uso. Halikuwa na joto. Mtoto akakunja uso, akaangua kilio cha hasira, na bibi yake alikuwa hajawahi kusikia kilio kitamu namna ile.

"Mama! Kuna nini?" Mkwe alisimama mlangoni, mikono imejaa povu.

"Umempa maziwa yangu leo?"

Mkwe akainamisha kichwa. "Mama, usinikasirikie."

"Sema!"

"Sijawahi kumpa hata tone. Nilikuja sokoni siku moja nikakuona unavyopuliza ile mifuko. Nikaona kinyaa. Baba yake ananunua ya kopo kimya kimya. Tuliona aibu kukwambia."

Mama Nyongeza alijibwaga kitandani na mtoto kifuani, akacheka, akalia, akacheka tena. Aibu ilimchoma, lakini aibu ya namna hiyo angeipokea kila siku kwa mikono miwili.

"Kinyaa chako kimetuokoa, mwanangu. Sasa mifuko yote ile ulikuwa unaimwaga wapi?"

"Kumwaga niliona dhambi. Nampa jirani wa hapo mbele, aliyejifungua juzijuzi. Anakushukuru kila siku."

Kicheko kikakatika. Mama Nyongeza alimrudisha mtoto mikononi mwa mama yake, akavuka uchochoro pekupeku, akagonga. Aliyefungua alikuwa mama kijana mwenye chupa ya maziwa mkononi, imejaa mpaka shingoni. Alipomtambua uso ukamchangamka.

"Mama Nyongeza! Karibu, karibu sana. Nilitaka nije mwenyewe nikushukuru."

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Leo mpole kweli, tangu asubuhi hataki hata kunywa."

Mama Nyongeza aliingia, akainama, akamgusa. Alikuwa anachemka kama chai.

"Mbebe twende hospitali," alisema. "Na hiyo chupa tuichukue, wakaipime. Maziwa ni yangu. Nimeyapuliza mimi."

Jirani alikuwa bado anatabasamu.