Maziwa ya Mkamwana

Unga wa mashine ya posho hauna adabu. Unaingia puani, machoni, masikioni. Mimi huutoa sikioni kwa shina la unyoya wa kuku, na hakuna aliyenifundisha. Shule niliacha darasa la tatu, mashine nikanunua mwenyewe hapa Ndhiwa.

Siku hiyo unyoya ulikuwa ndani ya sikio la kushoto. Mteja akageuka na debe lake la mahindi, likanigonga kiwiko. Nikasikia pah! Baada ya hapo upande huo sikusikia kitu. Damu ikateremka hadi kwenye kola.

Nilikasirika kwanza, kuogopa kukaja baadaye. Mashine naiendesha kwa kusikia. Mkanda ukianza kuteleza sauti inabadilika, na usipozima upesi unakatika. Nisiposikia, nifunge.

Mke wangu alikuwa na dawa tayari. "Jaduong', mzee wangu, tutie maziwa ya mama anayenyonyesha. Matone mawili tu."

"Nani ananyonyesha hapa?"

Akageuka kutazama jikoni. Bomani mwetu ananyonyesha mmoja tu, mke wa mwanangu. Na kwetu mkamwana hata chumba ninacholala hakanyagi. Sasa maziwa yake yaingie kichwani mwangu?

"Atakamua kwenye kikombe. Wewe hutaona."

"Sikio litajua."

"Hilo halisikii, litajua nini?"

Mkamwana akajibu kutoka jikoni, kwa sauti, ili nimsikie kwa lililobaki: "Mama, mimi sikamui! Baba aende hospitali."

Nikafunika sikio kwa nje na kitambaa safi, nikainamisha kichwa upande huo damu itoke, nikapanda boda.

Daktari, msichana mdogo, akamulika. "Mzee, mmetia nini humu?"

"Hakuna."

"Mafuta? Kitunguu? Maziwa?"

"Maziwa yalikataliwa."

Akaniangalia kidogo. Akasema ngoma ya sikio imetoboka, na chochote kikitiwa kitapita tunduni na kuozesha ndani. Nisiingize maji wala unyoya, nisubiri tundu lizibe. Na mtu akigongwa kichwa sikio likatoa damu, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Niliporudi kuangaliwa, tundu lilikuwa limeziba. Mkanda nausikia. Mke wangu bado anasema maziwa yangeponya mapema.

Mama yake mkamwana akija na mahindi, nasaga bure. Hajauliza kwa nini, na mimi sitasema.