Boneti Nusu kwa Nusu

Kobe hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na bosi wake wa zamani mbele ya wateja, siku aliyomfukuza kazi kwa kukataa kupiga mkono wa pili wa dawa ya kulinda rangi ya gari kabla wa kwanza haujashika. "Dada Kobe anasubiri dawa itage mayai," bosi alisema, gereji nzima ikacheka. Kila alikoomba kazi baadaye, jina lilikuwa limeshatangulia.

Alifungua kibanda chake cha kuoshea magari, na kwa miaka mitatu kinyongo hakikumtoka. Alitaka kitu kimoja tu: yule mtu amwite fundi, tena mbele za watu.

Siku moja mke wa bosi akaleta gari jeusi la mumewe.

"Amesafiri, dada. Nataka akirudi alikute linang'aa."

"Mbona hukulipeleka gerejini kwake?"

Mama akatazama pembeni. "Wale wanalipua kazi tu."

Kobe alifurahi, na haikuwa furaha njema. Mwosha huoshwa. Alibandika utepe wa karatasi katikati ya boneti. Kushoto aliosha, akafuta nta ya zamani kwa spiriti mpaka kitambaa kikagoma kuteleza, kwa kuwa dawa ile hushikana na rangi tupu, haishikani na mafuta. Akapiga mkono wa kwanza, akaliacha gari kivulini hadi kesho yake, ndipo akapiga wa pili. Kulia alifanya kama bosi alivyomfundisha: dawa juu ya nta, mkono juu ya mkono, dakika kumi kazi imekwisha. Siku ile pande zote mbili ziling'aa sawa.

Mwezi mmoja wa mvua ulitosha. Bosi alikuja mwenyewe, amevimba, akawakuta wateja watatu kwenye benchi. Kushoto maji ya mvua yalisimama matone matone, yakateremka. Kulia yalitandaa na kuacha madoa.

"Umeniharibia upande mzima."

"Huo ni wako, bosi. Nimefuata maelekezo yako neno kwa neno. Wangu ni huu wa kushoto."

Wateja wakainuka kutazama. Mmoja akapitisha kidole kushoto, kisha kulia, akaguna. Bosi naye akapitisha chake.

"Utautengeneza lini?"

"Siku mbili."

"Hakuna njia ya haraka... fundi?" Neno lilimtoka kwa shida, lakini lilitoka, na benchi zima lilisikia.

"Ipo," Kobe akasema, akikunjua kitambaa. "Ndiyo hiyo ya kulia."