Bibi Alivyogeuka Kachero Mnadani Bunda

Kila nikipita kwa wang'arisha viatu pale stendi ya Musoma, harufu ya dawa ya viatu hunichekesha peke yangu. Wengine wakiisikia hukumbuka shule, au mahojiano ya kazi. Mimi hukumbuka ng'ombe.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne, tukiishi mtaa wa Kitaji, hapo hapo Musoma. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Mama Zuhura, fundi cherehani, aliyekuwa na televisheni ndogo ya picha nyeusi na nyeupe, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Jumamosi alasiri alikuwaga anaifunua, anaipiga kofi moja ubavuni, na sisi watoto tunabanana mkekani kumtazama kachero. Ulikuwa mchezo wa Kizungu wa zamani sana, magari yake marefu kama mitumbwi. Kachero yule hakuvaa sare. Wiki hii mpishi, wiki ijayo dereva wa lori, wiki nyingine mhubiri. Anakula na wahalifu, anacheka nao, na dakika ya mwisho kabisa ndipo anatoa pingu. Hapo tulikuwa tunapiga kelele mpaka Mama Zuhura anatishia kuizima.

Likizo ile Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Butiama. Alikuwa mjane, na ng'ombe wake aliyempenda kuliko wote, Nyota, alikuwa ameibwa. Nyota alikuwa mwekundu mwili mzima isipokuwa baka jeupe katikati ya paji la uso. Msako uliongozwa na Babu Magesa, mdogo wake marehemu babu yangu. Walizunguka siku tatu, wakarudi mikono mitupu. Bibi alimshukuru, akampikia kuku, kisha akafunga mzigo wake akaja kwetu "kupumzisha kichwa".

Kiingereza hakujua hata neno moja, lakini kachero alimwelewa kuliko sisi. Sisi tulitazama bastola, yeye alitazama uso.

"Mwangalieni," alituambia. "Anajua kila kitu, na ananyamaza. Huyo ana akili."

Jumamosi ya tatu, mchezo ulipokwisha, watoto wengine wakatoka. Bibi akabaki mkekani, akamwomba Mama Zuhura amwazime baibui na nikabu.

Mama Zuhura alimtazama Bibi kwa mshangao, mwanakwaya wa kanisani wa miaka mingi. "Mama, umesilimu?"

"Nataka kwenda mnadani Bunda, mwanangu. Kuna watu nataka niwaone kabla hawajaniona."

Mama Zuhura alicheka mpaka akajifuta machozi. Akaingia ndani, akatoka na baibui lake jipya. "Kalete ng'ombe, mama. Ila usinirarulie na miba."

Siku ya mnada tukapanda basi, Bibi na mimi tu. Baba aliambiwa tunakwenda kusalimia ndugu. Njiani nikapewa masharti. "Leo mimi siyo bibi yako. Niite Mama Zuhura. Ukikosea, tumekwisha." Nilitetemeka kwa raha. Hata yule kachero hakuwahi kupata msaidizi kama mimi!

Mnadani vumbi lilikuwa limesimama hewani, moshi wa nyama choma ukipita kati ya pembe na fimbo. Bibi alikunja mgongo, akabadilisha sauti ikawa nyembamba kama ya kifaranga. Alishika viwele, akakagua meno, akawauliza wachuuzi maswali ya kijinga mpaka wakamchoka. Tulipofika upande wa mwisho, nikavuta baibui la Bibi. Alikuwa amesimama Babu Magesa, kashika kamba ya ng'ombe mwekundu mwenye paji jeusi tii.

"Karibu, mama," alisema, bila kumtambua, wala hakunitazama mimi mtoto. "Mpole huyu, na maziwa anayo."

"Anaitwa nani?" Bibi aliuliza kwa sauti ya kifaranga.

"Ah, ng'ombe wa kuuza ana jina gani tena?"

Sijui Bibi alitaka kuendelea vipi, maana ng'ombe hakumpa nafasi. Aliinua kichwa, akavuta kamba, akaingiza pua ndani ya baibui la Mama Zuhura na kuanza kumlamba Bibi mkono, akilia kama ndama.

"Bibi, ni Nyota!" nikapayuka.

Watu wakageuka. Bibi, taratibu, alichomoa leso yangu mfukoni mwa gauni, akailowesha mate, akafuta paji la ng'ombe. Leso ikawa nyeusi na kunuka dawa ya viatu. Baka jeupe likatokea. Ndipo akafunua nikabu.

Babu Magesa alirudi nyuma hatua moja.

"Shemeji," Bibi alisema kwa sauti yake halisi, "asante kwa kunitafutia. Huyu ni ng'ombe wa nani?"

"Ni... wako, shemeji."

"Sema kwa nguvu, wazee wasikie."

"Ni ng'ombe wako, shemeji!"

Mnada mzima ulilipuka kwa kicheko. Tulimrudisha Nyota Butiama kwa lori, Bibi na mimi mbele kwa dereva, Babu Magesa nyuma, kashika kamba ya Nyota. Bibi alicheka njia nzima. Mimi nilinuna. Nilitaka pingu. Nilimuuliza kwa nini hakuita polisi, akanibana shavu tu.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa. Nilikuwa nimeshaolewa shangazi aliponisimulia kwamba, tangu babu afariki, ukoo ulikuwa unanong'ona kuwa mwanamke hana ng'ombe, ng'ombe ni wa ndugu wa marehemu. Bibi alimshuku shemeji yake tangu siku ya kwanza ya msako. Lakini angemshitaki, wangekaa kikao, na kikao kingeanza kujadili zizi zima. Kwa hiyo alipika kuku, akashukuru, akanyamaza.

Mtoto mimi niliamini tulikwenda Bunda kumtafuta Nyota. Bibi alikuwa amefuata lile neno moja, "wako", litamkwe na mwanaume wa ukoo ule mbele ya watu. Alizeeka na zizi lake, na hakuna aliyemuuliza tena ni la nani.