Kiwanja Nambari Tatu

Watu wa huku chini wakimtaja Gibson Kipkemoi husema ni mzee wa kiburi, mtu aliyekataa kushuka mlimani hata kumzika dada yake. Mimi huwaacha waseme, kisha nawapa chai ambayo haijapata moto vizuri. Hawajui kitu. Mimi Nyanchoka, Mama Phelix, mwenye hoteli ya mabati pale njia ya trakta inapoachana na barabara ya majani chai, ndiye ninayejua kwa nini hakushuka. Mara ya mwisho aliposhuka kabla ya hapo, ni mimi niliyemwambia ashuke.

Kambi anayoilinda ni ndogo. Kutoka kwangu unapanda saa moja unusu, kwanza katikati ya majani chai, halafu mianzi, halafu unatokea juu kwenye nyasi fupi, mahali ambapo asubuhi za Julai umande huganda ukawa mweupe. Kuna viwanja vitano vya kusimamisha hema, kila kimoja kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa na kuwekewa kibao cha nambari. Kuna choo kimoja, tangi la maji ya mvua, jiko la mabati lisilo na ukuta wa mbele, na nyumba ya mbao ya mlinzi. Klabu moja ya watu wa Nairobi wanaopenda milima ilimwajiri Gibson mwaka wa themanini na mbili. Kazi yake ni kukata nyasi, kupasua kuni, kukodisha hema na kuwaonyesha wageni njia za msituni.

Mke wake alifariki binti yao akiwa na miaka sita, kwa hivyo Chepkosgei alilelewa pale juu na baba mmoja na hema kumi. Alipofika darasa la pili alikuwa akisimamisha hema peke yake, na akiikunja kama baba yake: kamba zinazungushwa kwenye vigingi, vigingi vinalazwa katikati, halafu unaviringisha ukianzia upande wa mlango. Wageni wote huviringisha wanavyotaka na kuacha kamba zimefungana ovyo. Gibson alikuwa akizifungua akinung'unika siku nzima.

Jioni wageni wakiwepo aliwasha moto na kusimulia. Hadithi aliyoipenda ilikuwa ya marehemu baba yake. Kaka mkubwa wa Gibson aliuza ng'ombe wa nyumbani kwa siri akatorokea Nakuru. Miaka ikapita, akatuma neno kwamba anakuja kuomba msamaha. Baba yao hakugomba wala hakufunga mlango. Siku yenyewe ilipofika alichukua fimbo akaenda kuchunga, akakaa huko mpaka kijana akachoka kungoja, akarudi alikotoka.

"Baba hakusema hapana," Gibson alikuwa akimalizia, akicheka. "Aliondoka tu."

Wageni walicheka pamoja naye. Chepkosgei alikuwa pale akigeuza viazi kwenye majivu, na kila mara alisikia.

Mwaka wa tisini na tatu, akiwa kidato cha tatu, alirudi nyumbani na mimba. Nani alikuwa baba wa mtoto si neno, na mimi sikuuliza. Gibson alikasirika kiasi cha kutojua anachosema. Alimwambia, "Hapa ni mahali pa wageni. Wewe pia sasa ni mgeni, na mgeni huondoka." Msichana akachukua mkoba wake wa shule akashuka. Alipita kwangu bila kusalimia, macho mekundu, akaenda mpaka Mulot, akapata kazi katika duka la nafaka. Gibson alijuta kabla ya wiki kuisha, na mimi nilikuwa naona. Lakini kichwa ngumu, alingoja binti ndiye atangulie kusema.

Akatangulia. Agosti ya tisini na tano barua ilifika kwangu, kwa maana barua zote za kambi huachwa hotelini, nikaipandisha mimi mwenyewe mkono kwa mkono. Gibson akaisoma kwa sauti, pole pole. "Baba, nitakuja Jumamosi na mtoto. Anaitwa Nelvine. Nataka akuone." Akaisoma tena. Halafu akaniuliza atavaa nini.

"Vaa suruali, Mzee. Ulikuwa unataka kuvaa nini?"

Siku hizo nne hakutulia. Alisugua kibuyu kwa makaa ya mti wa senetwet, akalaza maziwa ndani yagande yawe mursik, kwa sababu kwa kabila lao mtu wa nyumbani akirudi hapewi chai kwanza. Alipaka mawe chokaa upya. Mimi nikajiingiza, kama kawaida yangu. Nikamwambia, "Si nyinyi ndio hungoja watu njiani na kibuyu? Wakimbiaji wenu wakitoka ng'ambo mnawafuata mpaka uwanja wa ndege. Na huyu wa damu yako utamngoja huku juu kama karani?"

Akafikiri. "Na akifika nikiwa sipo?"

"Atapitia wapi? Kila mtu wa kupanda huku hupitia kwangu."

Hilo ndilo neno ambalo ningelimeza kama ningeweza.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa amesimama kwenye baraza yangu na koti la kanisani, kibuyu kimefunikwa kitambaa. Kila gari lililosimama alipiga hatua mbili mbele, halafu akarudi. Saa tisa mvua ikanyesha. Nikamwambia labda amekosa gari, atakuja la jioni. La jioni likapita. Nikamwambia labda amelala kwa mtu, atakuja kesho. Akalala kwenye benchi langu, kibuyu kiko kifuani, na Jumapili akangoja tena mpaka watu wakatoka kanisani. Hapo ndipo aliposema anarudi. Nikaenda naye, nimbebee unga, na pia nilikuwa na aibu.

Tulipofika juu tuliona majivu mapya. Kwenye baraza ya stoo ya hema kulikuwa na hema moja, imekunjwa, kamba zimezungushwa kwenye vigingi, imeviringishwa kutoka upande wa mlango. Na pale kiwanja nambari tatu, katikati ya nyasi zilizolowa, kulikuwa na mahali pa pembe nne palipokuwa pakavu, nyasi zimelala upande mmoja. Mvua ya jana haikuwa imepafikia.

Chepkosgei alipata gari la Boito, upande wa pili wa msitu, akapanda kwa njia ya msituni, ile ambayo mimi katika ujuaji wangu wote sikuikumbuka. Alikuta kambi tupu. Alijua ufunguo wa stoo huwekwa chini ya jiwe gani. Akalala pale na mtoto, kwenye baridi hiyo, akingoja, na kulipopambazuka akateremka kwa njia ile ile.

Gibson alipiga magoti akaweka kiganja kwenye zile nyasi kavu. Kisha akainuka akaenda mpaka mwanzo wa msitu akaita jina lake mara tatu. Hakuna aliyeitika. Mimi nilisimama na unga kichwani, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Toka siku hiyo hakutoka kambini. Aliandika barua mbili, nikazituma, hakuna jibu. Nilimwambia aende Mulot, ni safari ya siku moja tu, akasema, "Nikitoka ndio siku atakuja." Nilimgombeza, nikamtania, nikamnunia wiki tatu. Alitia masikio pamba. Jino lilimuuma mpaka shavu likavimba, akaling'oa mwenyewe kwa koleo. Wageni, ambao walikuwa wachache tangu fujo za uchaguzi wa tisini na mbili, aliwapa kiwanja chochote isipokuwa nambari tatu. Kikundi kimoja cha watazama ndege kilikitaka kwa sababu hakina upepo, akawaambia kimechukuliwa. Walikaa siku tano hawakumwona aliyekichukua.

Na mimi je? Mulot ningeweza kwenda. Nina miguu na sina mume wa kunizuia, Osoro alishanitangulia kaburini. Lakini niliogopa. Ingebidi nimwambie yule msichana kwamba ni mdomo wangu, na kwa miaka miwili unusu ilikuwa rahisi zaidi kumgombeza baba yake.

Halafu ikaja mvua ya El Niño. Barabara ikakatika, na kwa miezi sita hakupanda mgeni hata mmoja. Katikati ya mvua hiyo dada yake akafa huko Kapsoit, ukoo ukatuma watu wawili kumchukua, akawapa uji akawarudisha. Nikapanda kwenda kumpasulia ukweli. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamkuta ameinama kiwanja nambari tatu, anapaka mawe chokaa huku akikohoa, na anaongea kwa sauti ya chini na mtu ambaye hayupo.

"Hapa hakuna upepo," alikuwa akisema. "Hapa mtoto hatashikwa kifua."

Niliteremka bila yeye kuniona, na kesho yake nikafunga hoteli nikaenda Mulot, nusu ya njia kwa miguu.

Chepkosgei alikuwa anashona magunia ya mahindi kwa sindano kubwa. Alikuwa amekonda, na alinijua mara moja. Nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kibuyu, benchi, gari la jioni, mdomo wangu. Hakuinua macho mpaka nilipomaliza.

"Barua zake nilichoma bila kufungua," akasema. "Mama, ile hadithi ya babu nimeisikia tangu nikiwa mtoto. Nilipokuta hayupo nilijua maana yake. Babu angalau alienda kuchunga. Baba hana hata mbuzi."

"Alikuwa barabarani na maziwa yako."

"Kama ni kweli, aje mwenyewe. Mimi nilipanda mara moja, na mtoto mgongoni." Akarudi kwenye gunia lake.

Nilimpelekea Gibson jibu hilo nikidhani atakimbia. Alikaa kwenye jiwe akatazama njia ya trakta, akatazama njia ya msituni. "Na akija nikiwa njiani?"

Nilitaka kumpiga kofi, mzee mzima. Halafu nikaona kitu ambacho ningekiona siku ile ya kwanza kama ningenyamaza kidogo. Kosa letu halikuwa kushuka. Tulishuka bila kuacha mtu kambini.

"Nenda," nikamwambia. "Mimi nitakaa. Akija, atanikuta."

Alinionyesha stoo, jiwe la ufunguo, na jinsi ya kufunika kuni mvua isizifikie. Akalaza maziwa upya. Alhamisi asubuhi akashuka na kibuyu begani, na kwenye kona ya mianzi akageuka mara mbili kuhakikisha nimebaki.

Mimi ni mtu wa hoteli. Toka asubuhi mpaka jioni nina watu wa kugombana nao. Pale juu siku ya kwanza nilifagia, nikapika, nikafagia tena. Siku ya pili nilijikuta namwambia sufuria aache kelele. Ukungu ulipanda kutoka kwenye majani chai ukafunika viwanja vyote, na sikusikia hata mbwa. Kila baada ya kitambo kidogo nilienda kutazama njia moja, nikarudi, nikatazama nyingine, na nilikuwa najua kabisa kwamba hakuna anayekuja. Yeye alikuwa amefanya hivyo miaka miwili unusu. Nilikaa kwenye lile jiwe lake nikalia, na sikulia kwa ajili ya Osoro wala kwa ajili ya mtu mwingine yeyote isipokuwa huyo mzee.

Jumamosi mchana nikamwona anapanda kwa njia ya trakta. Alikuwa peke yake.

Alifika, akakaa, akavuta pumzi. Nikampa chai. Sikuuliza kitu, na anayenijua atajua nilivyoumia.

"Alifunga mlango," akasema. "Nikasema yote nikiwa nje. Lile neno la mgeni. Ile hadithi, kwamba sikupaswa kuicheka. Majirani wakasimama kusikiliza. Mlango haukufunguka. Nikataka kurudi. Halafu akauliza akiwa ndani, 'Kambini umemwacha nani?' Nikamwambia Mama Phelix. Akauliza, wa nini. Nikamwambia, 'Usije ukapanda ukakosa mtu.'"

Akanywa chai.

"Ndio nikasikia komeo likifunguliwa."

Alikichukua kibuyu, akakifungua, akakigeuza juu chini mbele yangu. Halikutoka hata tone. "Mtoto amemaliza yote," akasema. "Ana meno ya mama yangu."

"Na Chepkosgei?"

"Amesema atakuja shule zikifungwa."

"Tarehe ngapi?"

"Hakusema tarehe."

Nikachukua kikapu changu niteremke, hoteli ilikuwa imefungwa siku tatu na wateja wangu hawana subira. Nilikuwa nimefika kwenye mawe ya kiwanja nambari tano aliponiita.

"Mama Phelix. Nataka kwenda huko msituni kuokota kuni kavu. Nusu saa hivi. Utakaa kidogo?"

Nikaweka kikapu chini, nikakaa.